Mende, Kiwavi na Kipepeo

Mume wangu ni askari polisi, na katika mwaka 2012 alipelekwa Haiti pamoja na wenzake kutoka Rwanda kulinda amani chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Aliporudi Kigali alikuja na vitu vichache: viatu vilivyochakaa, picha za wenzake, na daftari dogo lenye jalada jeusi ambamo alikuwa akiandika maneno ya Kihispania. Wenyeji wa Haiti husema Kikreoli na Kifaransa, lakini katika vikosi vya amani walikuwamo Wachile, Waurugwai na Waajentina, na katika zahanati walikuwamo madaktari wengi wa Kuba, kwa hiyo askari asiyejua walau maneno 50 ya Kihispania alikuwa kama bubu wakati wa chakula.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na daftari la mtu huvutia macho yangu kama chungu cha jirani kinavyovutia pua. Nilikuta ukurasa mzima wa wanyama. Perro ni mbwa. Gallo ni jogoo. Burro ni punda, na kama kwetu, ni mwanafunzi mzito wa kuelewa pia. Mariposa ni kipepeo. Kisha, chini kabisa, palikuwa na neno gusano, nalo lilikuwa na maana mbili zilizopewa nambari. Ya kwanza: kiwavi, funza, mnyoo. Ya pili: Mkuba aliyeikimbia nchi yake. Na pembeni, kwa kalamu nyekundu, mume wangu alikuwa amejiandikia onyo: "Usilitamke mbele ya daktari."

Nilimwuliza daktari ni nani. Akanieleza kwamba ni mama mmoja wa Kuba, mpole, aliyekuwa akiwatibu, na kwamba kaka yake huyo mama alikuwa akiishi Miami, huko Marekani, tangu zamani. Mchile mmoja alilitamka neno hilo mezani kwa mzaha, na yule daktari akaweka kijiko chini, akaondoka.

Tangu siku hiyo neno hili limekaa kichwani mwangu. Ninaliandikia leo kwa sababu sisi wenye kuishi Kigali tunalo ndugu yake, na kwa sababu wasomaji wa gazeti hili wengi ni watu wa sare na jamaa zao, ambao kazini mwao jina apewalo mtu huenda mbali kuliko jina litolewalo sokoni.

Tuanze na maana ya kawaida. Katika kinywa cha Mhispania gusano ni kila kiumbe laini kitambaacho bila miguu ya kusifiwa: funza wa embe, kiwavi wa mgomba, mnyoo wa udongo. Hariri hutoka kwa gusano de seda, yaani kiwavi wa hariri, na hapo neno lina heshima yake. Likifanywa dogo, gusanillo, huingia mwilini mwa mtu: anayekula kipande cha mkate kabla ya chakula ili kutuliza njaa husemwa kwamba amemwua kifunza, na anayesumbuliwa na jambo baya alilotenda husemwa ana kifunza cha dhamiri. Maana hizi ni za nyumbani, na hazimwumizi yeyote. Hata ukimwita mtu gusano katika ugomvi wa kawaida, umesema kwamba ni mnyonge, si kitu, basi, kesho mtapatana.

Maana ile ya pili ina tarehe. Tarehe 1 Januari 1959 Batista, aliyekuwa akiitawala Kuba kwa mabavu, alikimbia, na Fidel Castro na wenzake wakashika nchi. Watu walianza kuhama: kwanza matajiri na watu wa utawala uliopita, halafu madaktari, walimu na wenye maduka, kisha watu wa kawaida. Kufika 1961, mwaka ambao kundi la wahamaji lilirudi na bunduki kwa msaada wa Marekani na kushindwa kwenye Ghuba ya Nguruwe, viongozi wa Kuba walikuwa wamekwisha kuwaita hao wote gusanos. Neno likaingia katika hotuba, magazetini, kutani, na hatimaye majumbani. Aliyejaza fomu ya kuomba kuondoka aliitwa gusano kazini. Mtoto wake aliitwa hivyo shuleni, naye hakujaza fomu yoyote.

Lakini sikilizeni lililotokea baadaye. Mwaka 1979 serikali ya Kuba, baada ya mazungumzo na baadhi ya wahamaji, iliwaruhusu kurudi kuwatembelea jamaa zao. Walikuja zaidi ya 100,000, na masanduku yao yakiwa yamejaa nguo, viatu, dawa na zawadi za kila namna, na mifuko ikiwa na dola. Nchi ilihitaji dola. Ndipo watu wa Havana, ambao kama watu wa Ujiji hawaachi jambo lipite bila kulichekea, wakasema: loo, kumbe wale viwavi wamegeuka vipepeo! Mariposas. Utani huo ulienea kisiwa kizima. Ulikuwa na uchungu ndani yake, kwa maana walioucheka walijua ni fedha iliyoleta mabawa; mwaka uliofuata, watu wapatao 125,000 walipoondoka kwa mashua kupitia bandari ya Mariel, matusi yalirudi mengine mapya. Hata hivyo mlango ulikuwa umeonekana. Mdudu waliyemchagua kumtukana mwenzao ni mdudu ambaye kwa maumbile yake hugeuka. Kiwavi hula, hunenepa, hujifunga ndani ya kifuko, na atokapo ni kiumbe kingine. Hilo kila mtoto wa shamba analijua.

(Nikiwa hapo niseme jambo dogo lililonifurahisha. Wataalamu wa Kihispania husema kwamba mariposa ni jina la Mariamu lililounganishwa na amri ya kutua, kana kwamba mtoto anamwimbia kipepeo: Mariamu, tua! Kihispania kinampa kipepeo jina la binti wa watu.)

Sasa njoo kwetu.

Kwa Kinyarwanda mende ni inyenzi. Ni mdudu wa jikoni, wa kabati la vyombo, wa nyuma ya jiko la makaa, na dawa yake huuzwa madukani Nyamirambo kando ya sabuni na viberiti. Mama akisema kwamba nyumba yake imeingiliwa na inyenzi, anasema habari za mende, na jirani humshauri afunike vyakula na kuziba nyufa. Maana hiyo haijafa wala haiwezi kufa maadamu mende wapo.

Maana ya pili, kama ile ya Kuba, ilizaliwa pamoja na wakimbizi. Kuanzia Novemba 1959 kulitokea ghasia nchini Rwanda. Watutsi wengi waliuawa au kuchomewa nyumba, na maelfu kwa maelfu wakakimbilia Uganda, Burundi, Kongo na Tanganyika. Baadhi ya vijana wao wakaanza kurudi na silaha. Walivuka mpaka usiku, wakashambulia, na kulipopambazuka walikuwa wamekwisha ondoka. Watu wakawafananisha na mende, ambaye mchana humwoni na usiku ukiwasha taa unamkuta mezani. Hayo ndiyo maelezo yanayosikika sana. Yapo na maelezo mengine, yaliyotolewa na mmoja wa wapiganaji wale wa kale, Aloys Ngurumbe, gazetini mwaka 1992: kwamba wao wenyewe ndio waliojipa jina hilo, likiwa ni ufupisho wa maneno ya Kinyarwanda yenye kumsifu mpiganaji wa Ingangurarugo, kikosi cha zama za Mwami Rwabugiri, aliyeapa kuwa hodari kuliko wengine.

Askari hatashangaa kusikia hivyo. Jeshi hupenda majina ya wanyama na wadudu, na huyavaa kama nishani. Tanzania ina Brigedi ya Faru kule Tabora na Brigedi ya Nyuki kule Zanzibar, na sijapata kusikia askari wa Zanzibar akilalamika kwamba ameitwa mdudu. Mtu akijichagulia jina, hata la kiumbe kidogo, analijaza sifa aitakayo. Jina hilohilo likitamkwa na anayekuchukia, humwagwa sifa zote na kubaki ganda.

Mimi nimezaliwa Ujiji, na hapo pana kisa cha nyumbani ambacho sikukielewa mpaka nilipolisoma lile daftari. Marehemu baba yangu alikuwa kuli bandarini Kigoma, na alikuwa akituhadithia kwamba mwaka 1965 walipita pale wageni weusi wenye kusema lugha isiyo Kiingereza wala Kifaransa, wakivuka ziwa usiku kwenda Kongo. Leo habari yao inajulikana. Walikuwa Wakuba, na aliyewaongoza alikuwa Che Guevara, aliyevuka kutoka Kigoma mwezi Aprili mwaka huo kwenda kuwasaidia waasi wa Kongo walioitwa Simba. Wakuba hao walijipa majina ya Kiswahili kwa hesabu: Moja, Mbili, na Che mwenyewe alikuwa Tatu. Tarehe 29 Juni 1965 walishambulia kambi ya Bendera, na waliokuwa pamoja nao katika shambulio hilo walikuwa Wanyarwanda, wakimbizi wa Kitutsi chini ya Joseph Mundandi, wa harakati zilezile ambazo serikali ya Kigali ya wakati huo iliwaita wapiganaji wake inyenzi. Shambulio lilishindwa. Wakuba 4 waliuawa pale, na Wanyarwanda zaidi ya hao.

Na angani je? Ndege zilizowapiga Simba na washirika wao katika vita hivyo ziliendeshwa na marubani walioajiriwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, na wengi wa marubani hao walikuwa Wakuba waliokimbia, yaani gusanos. Basi kando ya Ziwa Tanganyika, mahali ambapo nahau na salamu ni za Kiswahili, walikutana katika mwaka mmoja Simba, mende na viwavi, na wote walikuwa wana wa watu, wengi wao mbali na kwao, wakifa kwa jina walilopewa na mwingine. Laiti baba angelijua, angelikuwa na hadithi ya kutusimulia mwezi mzima.

Lakini vita vya ziwani havikuwa msiba mkubwa wa neno hili. Msiba ulikuwa kwamba neno halikubaki kwa mpiganaji. Desemba 1963 kikosi cha wakimbizi kilipotoka Burundi, kikaingia Bugesera na kusogea kuelekea Kigali, kilirudishwa nyuma. Na badala ya kuwafuata walioshambulia, wakuu wa wakati ule waliwageukia Watutsi waliobaki nchini, wakulima, walimu na wanawake ambao hawakushika hata panga, na huko Gikongoro maelfu waliuawa. Kuanzia hapo aliyelala nyumbani kwake na aliyevuka mpaka usiku walikuwa wamekwisha pewa jina moja.

Neno likapungua sauti kwa miaka, kisha likarudi kwa kishindo baada ya tarehe 1 Oktoba 1990, wakati jeshi la RPF lilipoingia kutoka Uganda. Mwaka huohuo lilikuwa limeanzishwa gazeti la Kangura, na mwaka 1993 gazeti hilo lilichapisha makala ambayo naomba uitazame kwa makini, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Makala hiyo ilidai kwamba mende hazai kipepeo. Ilisema kwamba waliokuwa wakipigana wakati huo ni wana wa wale wa miaka ya 1960; kwamba mende huzaa mende.

Nimekwisha sema kwamba kiwavi hugeuka. Mende hageuki. Tazama mayai yake: mama mende hubeba kifuko kidogo cha rangi ya kahawia, na kinapopasuka hutoka vimende vidogo, vyeupe kwanza, lakini kila kimoja ni mende tayari, chenye miguu 6 na papasi zake, kikingoja kukua tu. Mwandishi wa makala ile alijua alichokuwa akikichagua. Watu wa Havana walimtukana jirani yao kwa mdudu mwenye njia ya kutokea, na mwaka 1979 wakaikumbuka njia hiyo hata kama ilikuwa kwa kejeli. Mwandishi wa Kangura alimleta kipepeo karatasini makusudi ili aseme kwamba huyu kamwe hawezi kuwa yeye. Na ukikubali maneno hayo, ni nani atakayebaki salama? Kichanga cha siku 3 ni mende. Mimba ni mende. Hapana tena haja ya kuuliza mtu ametenda nini.

Julai 1993 ilianza kutangaza redio ya RTLM, na neno likaingia kila nyumba yenye betri. Yaliyofuata tarehe 7 Aprili 1994 na siku 100 baada yake hayahitaji kalamu yangu. Kwa hesabu ya Serikali ya Rwanda waliouawa ni zaidi ya milioni moja, na pale Gisozi, mlima ninaouona kutoka barabarani niendapo sokoni, wamezikwa watu wapatao 250,000.

Baada ya hayo ilibidi mahakama ikae na kufanya kazi ya kamusi. Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda ilikuwa Arusha, na tarehe 2 Septemba 1998 majaji wake watatu, Laïty Kama wa Senegal, Lennart Aspegren wa Uswidi na Navanethem Pillay wa Afrika Kusini, walimtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa mkuu wa wilaya ya Taba. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumhukumu mtu kwa kosa la mauaji ya kimbari baada ya kusikiliza kesi. Hukumu hiyo imechapishwa, na ndani yake zimo kurasa za lugha ambazo ningependa kila mwalimu azisome. Mashahidi walisema Kinyarwanda. Maneno yao yakageuzwa Kifaransa, na kutoka Kifaransa yakageuzwa Kiingereza. Neno lenye maana mbili, likivuka mito miwili hivyo, hufika ng'ambo likiwa limelowa. Kwa hiyo majaji walimwita mtaalamu, Dakta Mathias Ruzindana, mwalimu wa isimu katika Chuo Kikuu cha Rwanda, awaeleze maana na matumizi ya maneno kadhaa, na inyenzi likiwa mojawapo. Akaanza pale pale nilipoanzia mimi: maana ya msingi ni mende. Kisha akawapitisha katika usiku wa miaka ya 1960, makala ya Kangura, na redio. Majaji wakaona kwamba katika matangazo yale neno hilo lilikuwa na maana ya Mtutsi.

Mwaka 2003 mahakama hiyohiyo iliwatia hatiani mhariri wa Kangura, Hassan Ngeze, na wakuu wawili wa ile redio, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza. Rufaa ya mwaka 2007 ilifuta baadhi ya makosa na kupunguza vifungo, lakini kila mmoja alibaki na kifungo cha miaka 30 au zaidi. Walihukumiwa watu wa kalamu na kipaza sauti. Kwa hili mimi sina huruma.

Wapo watakaosema: mama huyu anataka kutunyang'anya utani. La. Mimi ni mtu wa utani, na nimelelewa katika nchi ambayo Mnyamwezi na Mzaramo huweza kuitana majina yote ya porini hata mbele ya jeneza, na hakuna anayefunga uso. Lakini utani una sheria zake: mtani naye hujibu, na kwa jina lilelile zito, na jioni hula sahani moja nawe. Vilevile ninajua kwamba mafunzo ya askari hayafanywi kwa maneno ya harusini. Nimeishi kambini na nimesikia kuruti akiitwa kobe, kondoo, nguruwe. Kobe akikimbia vizuri kesho yake, huachwa kuwa kobe. Nijuavyo mimi, swali la kuuliza ni moja: je, jina hilo linamruhusu mtu kulivua? Na je, linamfuata mwanawe? Hayo ni mawili, samahani, lakini siku zote huja pamoja.

Na hapa hatuna budi kutazama kapu letu wenyewe. Tunayo methali isemayo kwamba mtoto wa nyoka ni nyoka. Nimeifundisha darasani. Imo katika vitabu vya methali, na wengi huitumia kwa jambo dogo tu, kama mtoto wa mlevi anapoonekana kilabuni. Ukiiweka kando ya ile makala ya mwaka 1993 utaona kwamba mifupa ni ileile, na kilichobadilika ni mdudu.

Nilikuwa sijawahi kuisikia ikitamkwa Kigali kwa uzito wake mpaka likizo moja ya Desemba, miaka michache iliyopita. Tunakaa Biryogo, mtaa wa Waswahili tangu enzi za wakoloni, ambako nyumba zimekaribiana na ua mmoja hutumiwa na watu wengi. Shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Ujiji kututazama. Ni mama wa miaka 60 na zaidi, mcheshi, mwenye methali kwa kila tukio kama wazee wa kwetu walivyo. Watoto walikuwa wakicheza mpira uani, na kijana mmoja wa nyumba ya pili, wa miaka 11 hivi, aliupiga mpira ukaangukia sufuria ya maharage. Maharage yakamwagika yote. Kelele zikapigwa, watoto wakasukumana, na mtoto wangu akasukumwa akaanguka.

Shangazi alikuwa amesikia dukani kwamba babu yake kijana yule amefungwa kwa mambo ya 1994, na ni kweli amefungwa. Akasema, bila hasira, huku akimpangusa mwanangu magoti: "Mwacheni. Mtoto wa nyoka ni nyoka."

Karibu naye, juu ya mkeka, alikuwa ameketi jirani yetu mzee, ambaye sisi sote humwita mukecuru, yaani bibi. Alikuwa akichambua mchele katika ungo. Mwaka 1994 alipoteza mume na watoto wake wawili wa kiume. Kiswahili chake ni kile cha Kigali, kifupi, kisicho na mapambo. Akaacha kuchambua.

"Umesema nini, dada?"

Shangazi alidhani mwenzake anataka kujifunza methali. Akairudia pole pole, na kuifafanua: kwamba damu hufuata damu, kwamba tabia ya mzazi haimwachi mwana.

Mukecuru alisikiliza mpaka mwisho. "Hiyo naijua," akasema. "Redioni walisema mende."

Hapana aliyejibu. Shangazi alinitazama mimi, na mimi nilitazama ungo. Si kwamba sikuwa na la kusema. Lakini ulikuwa ua wake zaidi kuliko wangu, na neno lilikuwa lake. Kijana mwenyewe alikuwa amesimama kwenye ukuta na mpira mkononi, na kwa jinsi alivyokuwa amesimama nilijua kwamba amesikia, na kwamba si mara ya kwanza.

Mukecuru akamwita kwa jina lake, lile la ubatizo na lile la Kinyarwanda, yote mawili. Kijana akaja. Bibi akafungua fundo la kitenge, akatoa noti, akamwambia aende dukani alete maharage kilo moja na makaa ya kuyapikia, na asikubali makaa ya vumbi, kwa kuwa mwenye duka yule huwapunja watoto.

Kijana akauliza kama aache mpira.

"Nenda nao," akasema mukecuru. "Lakini usiupige njiani."

Alipokwisha toka, shangazi alivuta ungo upande wake, na wakaendelea kuchambua mchele wawili. Shangazi akasema taratibu kwamba kwao hilo ni neno la kawaida tu, halina ubaya. Mukecuru akamjibu kwamba anajua, hata inyenzi kwao ni neno la kawaida, wapo jikoni mwake usiku huu. Wakacheka kidogo. Kijana alirudi na mikono myeusi kwa makaa, akahesabu chenji mbele ya bibi, sarafu moja moja, na ikawa imepungua faranga 50. Mukecuru akamtuma tena dukani kuzidai.